Waacheni watoto wa Burera wapande milima bila mzigo

MWEZI Septemba mwaka 2025 dunia ya baiskeli ilihamia Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu yaanzishwe, yalichezwa juu ya vilima vyetu kwa siku nane. Shule za jijini zilifungwa, na watoto wakajipanga kando ya barabara na bendera mikononi. Siku ya mwisho wanaume walishindana umbali wa kilomita 267. Kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu. Ubingwa aliuchukua Tadej Pogačar wa Slovenia, na wengi wa wenzake walishuka kwenye baiskeli kabla ya mwisho kwa kushindwa na milima.

Nami nilikuwapo, nimesafiri kutoka kaskazini kwa basi ili niwashuhudie kwa macho. Kwenye mlima wa Kimihurura nilisimama karibu na mzee mmoja mwenye fimbo. Alipowaona wale vijana wanapita midomo wazi, jasho likiwatiririka, alitikisa kichwa akasema, "Wamechoka hivi, na wala hawakubeba kitu."

Tulicheka wote tuliokuwa karibu. Lakini usiku ule nikirudi Musanze niliona kwamba mzee yule alikuwa amesema jambo ambalo mimi, mwalimu, nimelizunguka kwa miaka zaidi ya kumi bila kulitamka. Kwetu sisi, baiskeli ni mzigo. Anayepanda mlima na gunia la viazi tunamwona mtu wa kazi, na anayeupanda bila gunia tunamwona mtalii au mtu asiye na la kufanya. Naomba leo niseme kwa nini nadhani tumekosea, na kosa lenyewe linawagharimu nini watoto wetu.

Ndugu msomaji, kama hujafika wilaya ya Burera, nikuonyeshe kwanza mahali ninapopasemea. Ukitoka mji wa Musanze ukashika barabara ya Cyanika kuelekea mpaka wa Uganda, mbele yako unauona mlima Muhabura, wenye urefu wa mita 4,127. Ukifika Kidaho ukakata kulia, barabara inaanza kupinda juu ya maji. Hilo ni Ziwa Burera, lililo zaidi ya mita 1,860 juu ya usawa wa bahari. Chini yake, upande wa kusini magharibi, liko Ziwa Ruhondo, ambalo uso wake uko takribani mita 100 chini ya ule wa mwenzake. Maziwa haya mawili yalizaliwa na moto. Zamani sana lava iliyotoka Muhabura iliziba mabonde, maji yakakosa njia, yakajaa.

Kuyazunguka maziwa haya kwa baiskeli ni kazi ya siku mbili kwa mtu wa kawaida. Unapanda hadi unasikia moyo masikioni, kisha unateremka mpaka mikono inakufa ganzi kwa kushika breki, halafu unaanza tena kupanda. Huku kuna mashamba ya viazi na maharage yaliyokatwa matuta mpaka kileleni, kule mikaratusi, na chini kabisa mitumbwi ikivusha watu kwenda sokoni. Wageni kutoka Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuja kuteseka katika njia hizo na baiskeli zenye gia lukuki, na wakimaliza wanapiga picha wakiwa na furaha kama watoto. Watoto wenyewe wa pale husimama kando ya njia wakiwatazama.

Nami niliijua njia ya maji haya kabla sijaijua nchi yenyewe, na hapa sina budi kueleza kidogo nilikotoka. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Wazee wangu walitoka Rwanda baada ya machafuko ya mwaka 1959. Shule ya msingi nilisoma huko, kwa Kiswahili, na mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu aliyeamini kwamba somo halikai kichwani mpaka lipite miguuni. Siku moja alituongoza kwa miguu, darasa zima, asubuhi hadi mchana, mpaka kwenye mto Kagera. Tulipofika akatuambia tuingize mikono majini. "Maji haya," alisema, "yanatoka katika milima ya Rwanda, na yanakwenda mpaka Misri."

Wenzangu wote waligeuka wakanitazama. Mimi ndiye Mnyarwanda, basi niwaambie hiyo milima ikoje. Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na nchi yangu niliijua kwa masimulizi ya jioni tu. Baba alikuwa na desturi ya kupanda kilima asubuhi baada ya mvua, akanyoosha kidole magharibi na kusema Muhabura iko kule. Mwingereza Speke alipokuwa Karagwe mwaka 1861 aliiona milima ile akaiandika kitabuni. Mimi kila nilipotazama niliona mawingu. Aibu ile ya mtoni sikuisahau. Nadhani ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu wa jiografia.

Mwaka 1995 tulivuka daraja la Rusumo kurudi, juu ya mto uleule. Nikamaliza masomo nikiwa nimechelewa na lugha, nikapata kazi kaskazini, na hatimaye nikaiona Muhabura bila mawingu.

Kwa hiyo mwaka 2013, wakati wa likizo ya Agosti, niliomba ruhusa ya kuwachukua wanafunzi wanane kuzunguka maziwa kwa baiskeli. Wakati huo vijana walikuwa na hamasa. Mwaka mmoja kabla, Adrien Niyonshuti alikuwa ameibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London, akashindana katika baiskeli za milimani na kumaliza wa 39, na timu ya taifa ilikuwa ikifanyia mazoezi Musanze ambako kila mtoto aliwahi kuikimbilia barabarani. Tuliazima baiskeli huku na kule, nyingine zenye gia zilizoachwa na wageni, nyingine za kawaida. Wavulana walikuwa sita na wasichana wawili. Kuhusu wasichana, nilisikia maneno kwa bibi zao, kwamba binti hapandi baiskeli. Mmoja wao alijibu kwamba kama binti anaweza kutwika ndoo ya maji kichwani akapanda kilima kile, baiskeli itamshindaje? Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki mashindano ya dunia huko Richmond, Marekani, na yale maneno yakapungua.

Kijana mmoja wa mwaka wa nne wa sekondari alikuja na baiskeli ya baba yake, ile nzito isiyo na gia, yenye karia ya chuma nyuma iliyoungwa kwa moto ili ibebe magunia mawili. Kila Jumamosi alikuwa akishusha viazi kwa baiskeli ile. Tulipoanza kupanda, alitupita wote. Mimi mwenye gia nilikuwa nikikokota, yeye alikuwa juu kilimani ameketi akitungoja. Nilimuuliza siri yake akasema, "Mwalimu, leo ni nyepesi, haina kitu." Nilimwona anarudi nyuma mara tatu kupanda tena mlima uleule, kwa kupenda tu.

Siku ya kwanza tulifika Butaro. Jioni tulikwenda kuyatazama maporomoko ambako maji ya kinamasi cha Rugezi huangukia upande wa Ziwa Burera. Mahali pale panaitwa Rusumo pia, jina lilelile la daraja tulilovuka tukirudi nyumbani, maana kwa Kinyarwanda neno hilo ni la maporomoko ya maji. Nikawafundisha pale pale, sauti yangu ikishindana na maji. Rugezi inayalea maji kama sifongo, inayaachia polepole yaingie Burera. Kutoka Burera yanashushwa kwa bomba hadi Ruhondo, na mteremko ule wa mita 100 ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka, iliyojengwa mwaka 1959. Kutoka Ruhondo yanaingia mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nili.

Niliwakumbusha pia mambo ya mwaka 2004, walipokuwa wadogo. Rugezi ilikuwa imekaushwa kwa mifereji na kulimwa, kina cha Burera kikashuka, Ntaruka ikakosa maji, na mji wa Kigali ukakaa gizani mara kwa mara huku jenereta za dizeli zikinguruma. Ilibidi kinamasi kiachwe kipumue ndipo ziwa lirudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Wale watoto walikuwa wanaishi juu ya jambo hilo, na wazazi wa baadhi yao walikuwa wamezuiwa kulima pale, lakini hakuna aliyekuwa ameliona zima, mwanzo mpaka mwisho. Niliwaahidi kwamba kesho yake tutasimama Ntaruka, tutazame bomba, tuone maji yale yale tuliyoyaona Rusumo yanavyogeuka umeme.

Hatukufika. Siku ya pili, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Ntaruka, yule kijana wa baiskeli nzito alishindwa kusimama kwenye kona. Aliruka nje ya njia, akaangukia tuta la shamba, na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile nilikuwa nimekagua breki za baiskeli zote za kuazima, yake sikuikagua, kwa kuwa nilijiambia kwamba yeye ni mzoefu na baiskeli ni ya kwao. Raba za breki ya mbele zilikuwa zimekwisha hadi kwenye chuma. Tulimpeleka hospitali, wengine wakarudishwa kwa gari, na safari ikaishia hapo.

Uongozi wa shule ulikasirika, na ulikuwa na haki. Iliamuliwa kwamba hakuna mwanafunzi atakayetolewa tena kwa baiskeli. Nilipokwenda kumwomba radhi mama yake, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinikaribisha kiti, akanipa maziwa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ameanguka na viazi mara nne. Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na mbili. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniomba radhi."

Sikumjibu. Mpaka leo sijapata jibu.

Maana tazama yaliyofuata. Mkono ulipopona, kijana alirudi kwenye baiskeli ileile, mteremko uleule, akiwa na magunia mawili nyuma. Hakuna aliyekataza. Hakuna kikao kilichoitwa. Tulipiga marufuku safari iliyokuwa na mwalimu, kofia ngumu na breki zilizokaguliwa (zote isipokuwa moja, kwa uzembe wangu), tukaiacha ile isiyo na chochote kati ya hivyo. Hatari ilikuwa ileile, tena kubwa zaidi, kwa kuwa baiskeli yenye mzigo mzito haisimami ikishika kasi. Tofauti yake ni kwamba hatari ya kazi tunaiita maisha, na hatari ya kujifunza tunaiita upuuzi.

Miezi michache baadaye alinijia baada ya kipindi. "Mwalimu," alisema, "lile bomba la Ntaruka nimeliona. Nilikuwa nimepeleka viazi upande wa Ruhondo." Nikamuuliza likoje. Akasema, "Sikuweza kusimama, nilikuwa na mzigo. Nililiona nikipita."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Watoto wetu wa milimani wanapita mbele ya nchi yao wakiwa na mzigo, na kwa sababu ya mzigo hawawezi kusimama. Wanaishi kando ya maziwa ambayo watu wa mbali hupanda ndege kuja kuyaona, na wao wanayaona wakipita. Mimi utotoni nilikosa kuijua nchi yangu kwa kuwa nilikuwa ng'ambo ya mto, uhamishoni. Wao wanaikosa wakiwa ndani yake. Sioni kama hilo lina nafuu.

Najua nitaambiwa kwamba umaskini haungojei, viazi lazima vifike sokoni. Ni kweli, wala sidharau kazi ile. Karo za wanafunzi wangu wengi zimepita juu ya karia za baiskeli, na hapa kwetu abanyonzi, wale wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli, wamelea familia nyingi. Sisemi mtoto asimsaidie mzazi wake. Nasema mtoto anayeijua baiskeli kama adhabu peke yake atafanya bidii aiache siku moja, na akiiacha ataviacha na vile vilima. Wapo vijana wenye mapafu na miguu ambavyo makocha wa Ulaya wangevitafuta kwa tochi, lakini hawajawahi hata siku moja kushindana na mlima bila gunia. Tutawajuaje?

Nitaambiwa pia kwamba hakuna fedha. Mimi siombi baiskeli kama za akina Pogačar. Naomba mambo matatu ambayo yanawezekana.

Kwanza, kila shule ya sekondari inayozunguka Burera na Ruhondo iwe na klabu ya baiskeli, yenye baiskeli chache za pamoja, hata zilizotumika, na fundi mmoja wa kijijini alipwe posho kuzikagua. Mafundi tunao katika kila senta. Kipindi cha kwanza cha klabu kiwe breki: kuzikagua, kubadili raba, kukaza nyaya. Ujuzi huo mtoto ataurudisha nyumbani kwenye baiskeli ya baba yake, na nina hakika utaokoa mifupa mingi kuliko marufuku yoyote.

Pili, mara moja kwa mwaka, darasa la jiografia litoke. Si lazima mzunguko mzima. Hata kutoka Butaro hadi Ntaruka inatosha, taratibu, gari likifuata nyuma, wasichana kwa wavulana. Waanzie Rusumo, waishie kwenye bomba. Mtoto aliyeipita njia ile ya maji kwa miguu yake hahitaji semina ya kumweleza kwa nini kinamasi kisilimwe.

Tatu, wale wanaokodisha baiskeli kwa wageni katika ukanda huu watenge siku moja kwa mwezi iwe ya wanafunzi, na wanapotafuta viongozi wa njia, waanze na vijana waliozishusha njia hizo na viazi. Hakuna anayezijua kona kuliko wao.

Tuliwapigia makofi wageni mwaka 2025, na tulifanya vizuri, kwa kuwa mgeni ni baraka. Barabara zilipendeza na jina la nchi likasikika. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Kama yatakayobaki ya mashindano yale ni picha na lami ya Kigali tu, tutakuwa tumeandaa karamu na kuwaacha watoto wetu mlangoni.

Yule kijana alimaliza sekondari. Siku hizi ana kibanda chake cha ufundi wa baiskeli, na msimu wa kiangazi huwaongoza wageni kuzunguka maziwa. Mwezi Oktoba mwaka 2025, baada ya kurudi kutoka Kigali, nilimpelekea baiskeli yangu airekebishe. Aliigeuza chini juu, akazungusha gurudumu, na kitu cha kwanza alichokitazama ni raba za breki. Mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa.

Nilimuuliza kama akiwa na wageni husimama pale Ntaruka. "Nasimama," alisema. "Nawaeleza yote, kuanzia Rugezi." Kisha akaniuliza lini nitaleta darasa.

Nimeandika makala haya kwa kuwa mwenye mamlaka ya kumjibu si mimi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, Mkoa wa Kaskazini.